Nakala Mbili za Muvi Moja

Kijana anaponiletea diski yake hapa Ilala na kuniambia, "Shikamoo bibi, seva yangu inanionyesha kava la muvi nyingine kabisa," huwa siulizi seva yenyewe, ile kompyuta anayotunzia na kuonyeshea muvi zake, ni ya aina gani. Naitikia marahaba, navaa miwani, naomba kuona majina. Nikikuta faili limeandikwa "mpya kali usipime mwisho kabisa 2", navuta kiti. Najua tutakaa hapo mpaka chai ipoe.

Sikilizeni. Programu ya seva haitazami muvi. Wengi wenu mnadhani inaangalia picha, inamtambua mwigizaji kwa sura. Haijui sura ya mtu yeyote. Inasoma jina la faili, basi, kama karani wa mapokezi hospitali anayesoma cheti bila kuinua macho kumwona mgonjwa. Jina hilo inalipeleka mtandaoni, inauliza kama kuna muvi inayoitwa hivyo, inarudi na kava, majina ya waigizaji na maelezo ya hadithi. Ukiipa jina bovu itakuletea kava la watu wengine, na italibandika bila aibu yoyote.

Kwa hiyo andika jina kama walivyoliandika walioitengeneza, acha nafasi, halafu weka mwaka ilipotoka ndani ya mabano. Mwaka usiuache, maana muvi zenye jina moja ziko tele, na programu haina muda wa kukisia ulitaka ipi. Kila muvi na folda yake, na folda ibebe jina lile lile la faili. Tamthilia usiziite "ya kwanza" na "ya pili". Andika herufi S na namba ya msimu, herufi E na namba ya sehemu, na namba ndogo zitanguliwe na sifuri, la sivyo sehemu ya kumi itapangwa kabla ya ya pili, na watu wa nyumbani kwako watamwona mtu amezikwa kabla hajaugua.

Kazi hii nimeifanya Kariakoo mpaka magoti yaliponikatalia ngazi za duka. Naipenda, na inaniuma. Nitawaambia inaniuma wapi.

Mimi nilitoka Masasi nikiwa msichana, nikaajiriwa kiwanda cha nguo, kitengo cha ukaguzi. Kazi yangu ilikuwa kupitisha kitambaa mbele ya taa na kutafuta uzi uliokatika. Soko lilipofunguliwa, mitumba ikajaa mjini, kanga za kutoka nje zikauzwa rahisi kuliko zetu. Kiwanda kikawa wiki hii kinafanya kazi, wiki ijayo kimelala. Mwisho tukaitwa uwanjani. Bwana mmoja mwenye suti akashika kipaza sauti akaanza kusoma majina. Sisi tulidhani wanaosomwa ndio wanaobaki, kwa hiyo kila jina likitajwa tulipiga makofi. Na mimi nilipigiwa makofi. Baadaye ndipo tukaambiwa waliosomwa wakachukue mizigo yao.

Kile kile kilichonitoa kiwandani ndicho kilichonipa kazi nyingine. Televisheni na deki zilikuwa zimejaa Kariakoo, zimepangwa mpaka barazani, na kila aliyenunua deki alihitaji cha kuweka ndani yake. Mzee Kanti, Mhindi aliyekuwa akija kiwandani kwetu kuchukua vitambaa, alikuwa ameona vitambaa havina tena faida. Nusu ya duka lake la Mtaa wa Narung'ombe akaigeuza kuwa la kuazimisha kanda za video. Nilipopita kumsalimia, akaniangalia juu ya miwani.

"Tekla, wewe si ndiye ulikuwa unanirudishia jora zima kwa ajili ya tundu moja?"

"Ndiyo mimi, mzee."

"Njoo kesho. Nina kanda mia na kitu hazina majina. Mwanangu Nilesh bado yuko shule na karani niliyenaye anaandika kama kuku."

Yule mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Kila asubuhi aliwasha udi mbele ya picha ndogo ya mungu wake iliyokuwa juu ya droo ya chenji, akasema maneno yake taratibu, halafu akageuka na kuanza kugomba. Aligombea majina zaidi ya kitu kingine. Jina la muvi kama lilivyo kwenye kava la kwao liandikwe kwa herufi kubwa mgongoni mwa kanda. Chini yake, kwa herufi ndogo, andika jina ambalo mitaa inaiita. Maana mteja wa Kariakoo hakuja kuuliza jina la kwenye kava hata siku moja. Alisema, "Nipe ile ya jamaa anayekula nyoka," au, "Ile ya Mhindi mama yake kipofu," na za Mhindi mwenye mama kipofu zilikuwa rafu nzima.

"Mteja anajua anachotaka," Mzee Kanti alikuwa akisema. "Sisi ndio tujue anakiitaje."

Tulikuwa pia tunawanakilia watu kanda zao za harusi na sherehe, na siku moja yule karani wa herufi za kuku alitia kanda ya harusi ya Wahindi kwenye boksi la muvi ya ngumi. Mteja alirudi kesho yake mnyonge.

"Mzee, nimeangalia mpaka mwisho nikisubiri wapigane. Wanakula tu."

"Ndiyo kwanza wameoana," Mzee Kanti akamjibu. "Subiri kidogo."

Kama wenye hizo muvi huko nje waliridhia tuziazimishe, sisi hatukuuliza, na siku zile hakuna aliyetuuliza. Nalisema hili ili msidhani nawapamba watu wa kazi yetu.

Ndipo akaja Issa. Alikuwa kijana wa kusini kama mimi, wa upande wa Nachingwea, na alianza kwenye banda umiza huku Ilala, lile banda la mabati ambalo watu hubanana kwenye viti vya mbao kuangalia video. Muvi zilikuwa za Kichina na Kizungu na watu hawazielewi, basi Issa akasimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti, akawatafsiria. Kichina hakukijua hata neno. Aliangalia nyuso, akatunga. Alikuwa na sauti nene ya kutulia, kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari, ndiyo maana wakamwita Issa Redio. Lakini sauti hiyo hiyo aliikunja akawa bibi kizee, akaiminya akawa mtoto, akaikwaruza akawa jambazi.

Baadaye alianza kurekodi kwenye chumba alichopanga bonde la Jangwani, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kelele za nje zisiingie. Alichukua muvi, akapunguza sauti za wenyewe, akaweka yake. Kulikuwa na moja ya mpishi anayepigana kwa mwiko. Kwa lugha ya kwao sijui ilisema nini. Kwa Issa yule mpishi alikuwa mtu wa Kariakoo kabisa, anadai wateja, anamlalamikia mwenye nyumba, na majambazi wakiingia anawaambia, "Wali wangu haumwagi mtu. Labda nimwage mimi." Watoto wa mitaani walilisema neno hilo mwaka mzima.

Watu waliacha kuuliza muvi. Waliuliza, "Mna ya Issa?" Nikisema tunayo ile muvi lakini siyo yake, walitikisa kichwa wakaondoka. Muvi ya Issa na ile ya wenyewe zilikuwa picha zile zile, ila kwa mteja vilikuwa vitu viwili tofauti, na yule aliyetaka kimoja hakutaka kingine. Shikeni hilo.

Kanda zilikufa, zikaja CD, CD nazo zikaanza kufa. Mzee Kanti alianguka dukani asubuhi moja kabla hajamaliza sala yake. Upande mmoja wa mwili ukakataa, na hakukaa sana. Tulimsindikiza mpaka sehemu yao ya kuchomea maiti, na mimi nikasimama nyuma na wanawake wa mtaa wetu, hatujui tufanye nini na mikono yetu. Duka likawa la Nilesh.

Nilesh nilimwona akikua. Alisoma kompyuta, na alikuwa mwalimu mzuri, mvumilivu kuliko baba yake. CD zote akaziingiza kwenye diski kubwa, na akanikalisha mbele ya kioo.

"Dada Tekla, usiogope. Ni kanda zile zile, ila hazina mgongo wa kuandika. Unaandika kwenye faili."

Nikaandika. Nilifanya kama nilivyofundishwa na baba yake, jina la kwao na la mtaani, na za Issa nikaziandika Issa Redio mbele kabisa, kwa kuwa ndivyo zilivyoulizwa.

Mvua kubwa ya masika ilikuja mwaka ambao Issa alikuwa ametoka kuoa. Jangwani maji hayaombi ruhusa. Aliamka yamefika kitandani. Alitoka na mkewe na godoro, akaacha deki, vipaza sauti, na boksi lenye rekodi zake za mwanzo zote. Alipokuja dukani alikuwa bado na tope kwenye masikio, lakini alicheka.

"Da Tekla, siyo mwisho wa dunia. Nyie si mnazo zote?"

"Tunazo zote, Issa. Hata ile mbovu ya kwanza."

"Basi. Mimi nilizaa, nyie mnalea."

Aliendelea kidogo, halafu sauti ikaanza kukwaruza bila yeye kuikwaruza. Alidhani ni vumbi. Akatafuna tangawizi, akanywa asali, akaacha sigara, akarudia sigara. Alipofika hospitali ikawa ni saratani ya koo, na ilikuwa imeshakaa. Walimkata. Alipona kidonda, ila kisanduku cha sauti kilibaki hospitalini. Wakati huo mkewe alikuwa na mimba. Mtoto alizaliwa, wakamwita Somoe, na Issa hakuwahi kumwita kwa jina hilo kwa mdomo wake. Walihamia nje ya mji kwa wakwe, na sisi dukani tukabaki na kusikia habari zake kwa wapita njia.

Miaka michache baadaye Nilesh alileta seva. Aliitundikia kioo kikubwa juu ya kaunta ili mteja aingie, aone kava zote zimejipanga, aguse anayoitaka, nasi tumwekee kwenye flashi. Lilikuwa jambo zuri sana. Shida ni kwamba nusu ya muvi zilikuja bila kava, na nyingine zikaja na kava za ajabu. Muvi ya Issa ya vita ililetewa kava la katuni. Nilesh alikuna kichwa.

"Haya maneno ya mbele ndiyo yanaichanganya. Inatafuta muvi inaitwa Issa."

Nikamwambia tutafute namna. Lakini wiki hiyo hiyo nikapigiwa simu kutoka Masasi, mama yangu amefariki. Nilikwenda kuzika, nikakaa mpaka arobaini, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa peke yake na nyumba ilihitaji mtu.

Niliporudi, kioo kilikuwa kimenyooka. Kila muvi ilikuwa na kava lake, rangi zinang'aa, hakuna kiboksi cheusi hata kimoja. Nilesh alikuwa amepata programu inayobadilisha majina ya mafaili yote kwa mkupuo. Alifurahi kama mtoto. Nami nilimpongeza kwa moyo, maana nilikuwa nimetoka msibani na ilikuwa vizuri kuona kitu kilichopangika.

Issa alikuja mchana wa siku ya kawaida. Sikumtambua. Amekonda, na shingoni amefunga kitambaa cheupe kilichokuwa kikitikisika kidogo kila akivuta pumzi. Ameshika mkono wa binti mdogo aliyevaa sare za shule.

"Shikamoo," yule binti akasema.

"Marahaba mwanangu. Unaitwa nani?"

"Somoe. Huyu ni baba. Haongei."

Ndipo nikamtazama tena. Nikamshika Issa mikono yote miwili. Akatoa simu ndogo ya batani mfukoni, akaandika ujumbe, akanigeuzia nisome. Alitaka kopi ya muvi zake. Zote zikiwezekana, na kama siyo zote, basi ile ya mpishi. Mtoto hajawahi kumsikia.

"Nilesh!" nikaita. "Issa Redio huyu hapa. Anataka mali yake."

Nilesh alikuja na tabasamu kubwa, akamwamkia, akamvutia kiti. Akaandika "Issa" kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakikuja kitu. Akacheka kidogo, akasema bila shaka ni kwa sababu majina yamebadilishwa, akaandika jina halisi la ile ya mpishi. Kava likaja, la mpishi na mwiko wake. Akabonyeza. Mpishi akafungua mdomo, na kikatoka Kichina.

Nilimwona Nilesh akiacha kutabasamu. Alifungua nyingine. Kizungu. Nyingine. Kihindi. Mikono yake ikaanza kwenda haraka kwenye batani.

"Nilesh, kuna nini?"

Alimgeukia Issa.

"Kaka, majina yalipobadilishwa, muvi zako na zile za wenyewe zikawa na jina moja. Programu ikaniambia, muvi hii una nakala mbili, hii pia una nakala mbili. Diski ilikuwa imejaa. Nikaiambia ibakize yenye picha nzuri, ifute nyingine." Akaondoa mikono kwenye batani. "Zako picha zake zilikuwa za zamani."

Issa aliandika. "Zote?"

"Zote, kaka."

Aliandika tena. "Hata ya mpishi?"

"Hata hiyo."

Mabega ya Issa yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikanyanyuka. Alikuwa anacheka. Pumzi ilimtoka kwa kukatika chini ya kile kitambaa, kama mtu anayepunguza upepo wa tairi. Somoe alimtazama bila kushangaa, alikuwa amezoea. Kicheko kilipomwishia Issa aliziangalia zile kava zinazong'aa, halafu akaandika polepole, akanigeuzia mimi, siyo Nilesh.

"Nilimwahidi mtoto."

Nilesh alijaribu kuzifufua. Ziko programu za kufufua faili lililofutwa, na zinafanya kazi kama hujaandika kitu kingine juu yake. Yeye alikuwa ameshajaza tamthilia za Kikorea. Kwa siku kadhaa nilimkuta ameinamia mashine, hajala. Sikumgombeza. Kama ningekuwepo, sijui kama ningeona hatari hiyo. Mashine ilisema nakala mbili, na ukitazama picha tu, ilisema kweli.

Mimi nikashika njia. Nilianza na mabanda ya Ilala. Mengi yamekuwa ya kuonyesha mpira, na vijana wakanishangaa. "Bibi, nani anaangalia hizo siku hizi?" Niliona CD za Issa, sikatai. Moja imetundikwa kwenye bajaji ining'inie na kumetameta. Nyingine imefunika glasi ya juisi kuzuia nzi, imekwaruzwa mpaka unaona upande wa pili. Mtu mmoja aliniambia kwao wanazitundika shambani kufukuzia ndege. Kila nilipoiokota moja nilimpelekea Nilesh, anaiweka kwenye mashine, mashine inaihangaikia, halafu inaitema.

Mchuuzi mmoja wa ndizi ndiye aliyenipeleka soko la samaki la Feri kwa maneno yake. Alisema kuna mama mkaanga samaki ana televisheni ndogo pale anapolishia wavuvi, na kila siku anaweka muvi ile ile ya mtu na mwiko.

Nilimsikia Issa kabla sijamwona yule mama. Katikati ya kelele za mafuta na wanaonadi samaki, sauti ile nene ikasema wali wake haumwagi mtu. Nikasimama. Nilikuwa nimesahau ilivyokuwa nzuri.

Mama Chiku alikuwa mnene, mkavu wa maneno. Nilipomwambia nataka kuiazima ile CD, akaendelea kugeuza samaki.

"Haitoki. Hii ndiyo inayonikalishia watu samaki wakichelewa kuiva. Nikiitoa wanahama kwa jirani."

"Nitairudisha, dada."

"Wangapi wamesema hivyo."

"Huyu anayeongea unamjua?"

"Nimjulie wapi? Sisi tunamwita Mpishi."

"Anaitwa Issa. Amekatwa koo hospitalini, hana sauti tena. Ana mtoto ambaye hajawahi kumsikia."

Aliweka chini kijiko cha kugeuzia. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda kwenye deki, akaizima katikati ya vita. Wavuvi wakapiga kelele.

"Tulieni huko!" akawafokea. "Mwenye sauti ameitaka." Akanipa CD ile, imejaa mafuta, amekunja uso kama mtu aliyeombwa mwana.

Nilesh aliisafisha kwa sabuni na pamba, akaipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe siyo kwa kuzungusha, kumbukeni hilo. Mashine iliisoma kwa shida asubuhi nzima. Mwanzo ulikataa, mwisho ulikataa. Kipande cha katikati kikatoka.

Hapo ndipo tulipojifunza kitu ambacho kingetuokoa mapema. Nilesh alikipata kwa kusoma maelekezo ya seva neno kwa neno, macho yamemwiva. Muvi moja ikiwa na nakala zinazotofautiana, unaziweka folda moja, unaandika jina na mwaka kama kawaida kwenye zote, halafu baada ya mabano unaacha nafasi, unaweka kistari, unaacha nafasi, unaandika alama ya kuitofautisha. Programu inaleta kava moja na inakuuliza unataka ipi. Haifuti, haichanganyi. Basi tukaandika jina la ile ya mpishi, mwaka wake, kistari, Issa Redio. Ikakubali mara moja. Ilikuwa inawezekana siku zote. Na programu ikikwambia una nakala mbili, kijana, fungua zote mbili, usikilize, kabla hujagusa kufuta.

Issa tulimzika kabla mfungo wa mwaka uliofuata haujaingia. Ugonjwa ulirudi, na safari hiyo haukumpa nafasi. Duka nalo Nilesh alilifunga baadaye, watu walipoanza kuangalia kila kitu kwenye simu, na yeye akahamia nje ya nchi na familia yake. Hunipigia mara mojamoja. Hatuzungumzii yale mambo.

Lakini mchana ule tulipomwita na mtoto waje kuangalia kile kipande, Issa alikuwa hai. Tulirudisha mlango nusu ili mwanga usipige kwenye kioo. Somoe akakaa kwenye stuli karibu na baba yake, miguu haifiki chini. Nilesh akagusa kava, akachagua.

Kipande chenyewe hakikuwa cha maana. Mpishi anagombana na mama mkwe wake kuhusu chumvi. Issa alikuwa ameigiza wote wawili, mama mkwe kwa sauti ya puani, mpishi kwa ile yake nene. Somoe alicheka tangu mwanzo. Nilesh na mimi tulishindwa kujizuia.

"Baba," akauliza huku anaangalia kioo, "nani anaongea?"

Issa akajigonga kifuani.

Somoe akamtazama, akatikisa kichwa. "Siyo wewe. Wewe huna sauti."

Issa hakuandika kitu kwenye simu. Alimgeuza mtoto taratibu kwa mabega ili amtazame usoni, halafu akaanza kuchezesha midomo. Mama mkwe aliposema kwenye kioo chumvi imezidi, midomo ya Issa ilisema chumvi imezidi. Mpishi alipojibu, ilijibu. Aliyakumbuka yote, hata pale alipovuta pumzi, hata pale mama mkwe alipoguna. Hakuachwa hata na neno moja.

Somoe aligeuka akaangalia kioo, akarudi kwenye mdomo wa baba yake, akaenda tena kwenye kioo. Halafu akashuka kwenye stuli, akapanda kwenye mapaja yake, akaweka sikio kwenye midomo ile inayocheza. Alikaa hivyo, amefumba macho, huku sauti ikitoka kule juu ya kaunta. Nilesh aliinua mkono aongeze sauti. Nikamzuia.

Kipande kikafika mwisho, kioo kikawa cheusi. Somoe hakuondoa sikio.

"Baba," akasema, "sema tena."

Nilesh akakirudisha mwanzo.